Jozi ya Kijani

Tak. Ni sauti ndogo ya ulimi wa plastiki wa ncha ya waya wa mtandao unapokaa sawasawa kwenye tundu lake. Tabu ameisikia mara nyingi asizoweza kuzihesabu, katika maofisi na mashule, kutoka Temeke hadi Sinza, lakini anayoikumbuka ni moja tu: ile ya zahanati ya masista kule Chanika, mchana mmoja, mvua ikiwa imetoka kukatika.

Kabla ya nyaya, Tabu alikuwa msusi Mbagala, na kichwa alichokisuka yeye kilikaa wiki tatu bila kutoa unywele. Fundi Ansbert, mtu wa Bukoba mwenye maneno machache, alikuwa akitandaza nyaya za mtandao katika duka la jirani siku alipomwona akifumua rundo la waya lililowashinda wanaume wawili. Akamwuliza kama angependa kujifunza kazi. Mafundi wenzake walimcheka wakasema leo kaleta msusi, kesho ataleta kinyozi. Ansbert akajibu kwamba kinyozi naye, akiwa na mkono kama ule, atampokea.

Kwa miezi minane Tabu alipanda ngazi, akavuta waya juu ya dari na kujifunza. Ndani ya ganda moja mna nyuzi nane, nazo ni jozi nne. Kila jozi imesokotwa, uzi na mwenzake, ili kelele za jozi moja zisiingie kwenye nyingine. Waya mmoja usizidi mita mia, usikunjwe hadi uvunjike kiuno, wala usilazwe pamoja na waya wa umeme. Kazi moja tu Ansbert hakumwachia: kutia vichwa, yaani kile kipande cha plastiki cha mwisho, chenye meno manane ya shaba.

Huko Chanika akamwachia. Aliitwa Sinza kwa kazi nyingine, akamkabidhi Tabu nyaya kumi na mbili na kipande cha boksi alichoandika kwa penseli mpangilio wa rangi. Kabla hajaondoka alimwambia Sista Flaviana, mkuu wa zahanati, kwamba Jumatatu kompyuta zote zitasomana, na kwamba dhamana ya kazi ya Tabu ni yeye.

Tabu aliusoma mpangilio ule akakwama kwenye uzi wa tatu. Chungwa na mwenzake walikaa pamoja, sawa. Lakini kijani aliwekwa upande huu, mwenzake upande ule, na jozi ya buluu ikapitishwa katikati yao. Jicho la msusi likakataa. Akadhani mzee amechoka, penseli imemteleza. Basi akamrudisha kijani kwa mwenzake, jozi kwa jozi, akazichana nyuzi zikanyooka kama nywele zilizopakwa mafuta, akabana. Alipozijaribu nyaya, kipimo kikawasha taa zote nane. Akalala na furaha.

Jumatatu kompyuta za mapokezi zilifanya kazi. Maabara, mwisho wa waya wa mita sabini, picha ilikuja nusu ikafa, ikaja tena ikafa. Wagonjwa walijaa barazani wakisubiri majibu. Sista Flaviana, kwa upole unaotisha, alisema kama hadi saa tisa hali ni ile, ataita mafundi wengine.

Ansbert alifika na viatu vya tope. Tabu alimwamkia shikamoo. Mzee alichomoa kichwa kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama rangi kwa muda mrefu.

"Umewaonea huruma hawa wawili wa kijani," alisema.

Kisha akamweleza. Mashine hazisomi rangi, zinasoma nafasi. Nafasi ya tatu na ya sita ndizo mume na mke. Walioziweka hivyo walikubaliana zamani, na dunia nzima inawafuata. Ukiweka kijani wawili jirani, ya tatu na ya sita zinapata nyuzi za jozi mbili tofauti, ambazo hazikusokotwa pamoja, na kelele zinapata mlango. Kipimo kile hakioni hilo. Kinajua tu kwamba uzi umeanza hapa na kuishia pale. Na msokoto, akasema, usiufumue zaidi ya upana wa kidole.

Sista aliposimama mlangoni kuuliza kumetokea nini, Ansbert alimjibu bila kugeuka.

"Tumekosea mpangilio, Sista. Tunarekebisha."

Tumekosea. Tabu alilisikia neno lile likimwangukia mabegani kama khanga. Wakakata vichwa vyote ishirini na vinne, na Ansbert hakugusa hata kimoja. Alishika kipande cha boksi akawa anamsomea rangi, yeye akipanga na kubana. Saa nane na nusu Tabu alichomeka waya wa maabara. Tak. Taa ya kijani ikawaka, ikatulia, na mhudumu wa mapokezi akapaza sauti kwamba majibu yanaingia.

Sista Flaviana akaja na birika la chai. Akamshukuru Ansbert, akasema amefanya vema kurudi kuusahihisha mpangilio aliouandika vibaya kwenye boksi. Ansbert akapuliza chai yake. Tabu angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtazama.

Aliweka kikombe chini.

"Sista," alisema, kwa sauti iliyosikika kwa shida, "nyuzi nilizipanga vibaya mie. Fundi amenisitiri."