Herufi za Kuvimba

Mimi na fundi mwenzangu tulijifunza kuchapa tisheti kwenye banda moja Masasi, upande wa Mkomaindo. Mwalimu wetu alimsifu yeye kwa mkono mwepesi, mimi kwa kuosha vizuri fremu za kuchapia. Naandika hivi isije ikaonekana nilikuwa namzidi. Sikuwa.

Tukarudi Newala, kila mtu na kibanda chake, na kwa miaka kadhaa tulikwenda sawa. Mwaka jana akaleta wino wa kuvimba. Unachapwa kama wino mwingine, ila ukiupitishia moto wa pasi unainuka kama andazi. Watu wakawa wanasimamishana barabarani kupapasana herufi vifuani. Za kwangu hakuna aliyewahi kuzipapasa.

Korosho zilipokwisha kuuzwa, alinijia mama mmoja ambaye binti yake alikuwa karibu kutoka unyagoni. Sare za sherehe za mabinti zake wakubwa nilizichapa mimi zote. Safari hii akasema anataka zile za kuvimba. Nami, bila kuulizwa, nikamwambia zile hubanduka zikifuliwa mara moja tu. Nilikuwa sijawahi kuiona hata moja iliyobanduka. Akasema atafikiri.

Maneno yale yalininyima raha. Nikaona afadhali nijue kama nimesema kweli, nikaazima kwa shemeji yangu tisheti iliyochapwa na mwenzangu. Wiki ile mabomba yalikuwa makavu, na nyumbani tulibakiwa na ndoo mbili. Nilizimaliza zote. Nilifua, nikafikicha, nikasugua kwa brashi ya viatu, huku naomba herufi moja tu ing'oke. Mke wangu alitoka na sufuria, anataka maji ya kupikia, akakuta povu.

"Hivi hiyo nguo imekukosea nini?"

Niliikamua, nikaitandaza mbele yake. Herufi zilikuwa zimesimama vilevile. Kilichochubuka ni vidole vyangu.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mama. Nilimwamkia, nikamwambia nilisema uongo, herufi zile hazibanduki, nimezifua mwenyewe. Nilidhani atakasirika. Aliendelea kumenya mihogo yake.

"Mbona nilishapeleka kazi kwake tangu siku ileile," akasema. "Ulivyozisema vibaya haraka vile, fundi, nikajua ni nzuri."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba njia nzima nilikuwa na tumaini. Nilikuwa nimejiambia nakwenda kusafisha jina la mwenzangu, na hilo ni kweli kiasi. Lakini nadhani zaidi nilitaka yule mama aone nilivyo mkweli, anionee huruma, anirudishie sare za binti yake. Hakunionea. Alinikaribisha muhogo wa kuchemsha, nikala vipande viwili, nikashukuru, nikaondoka bila kazi.