Skrini Isiyolala Ofisini

"Mama, yule wifi yako kila asubuhi anabeba mtoto gani, mpana kama mlango, tena halii?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo akifagia uwanja wake. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia si mtoto, ni skrini ya kompyuta, imefungwa shuka la kitandani.

Wifi ni mke wa kaka yangu, Mungu amrehemu kaka. Amepiga chapa katika ofisi ya mawakili tangu wanawe wakinyonya. Mwaka huu ofisi iliondoa kompyuta kubwa za mezani, ikagawa hizi ndogo za kukunja kama kitabu. Nzuri, nyepesi, lakini herufi zake chawa watupu, na macho ya wifi si ya jana. Siku moja akaandika "mdai" palipotakiwa "mdaiwa". Silabi moja tu kudondoka, na aliyeshtakiwa kageuka mshtaki! Namshukuru Mungu, wakili aliliona kosa kabla hati haijatoka nje.

Meneja akamwita. "Mama, umri umekwenda. Mwezi ujao utakaa mapokezi, uwe unakaribisha wageni."

"Yaliyochoka ni macho, baba," wifi akajibu. "Vidole bado."

Akanunua skrini yake mwenyewe, pana. Akaiunganisha kwa waya na ile kompyuta ndogo, akaisimamisha juu ya boksi la karatasi ije sawa na uso. Hati ya zamani anaiacha kwenye ndogo, mpya anaiandika kwenye kubwa, herufi kama maharage. Makosa yakakoma. Wenzake wakamtania, "Bibi kafungua sinema!" Naye akawajibu, "Karibuni, kiingilio kikombe cha chai."

Meneja hakucheka. Kesho yake tangazo likabandikwa mlangoni: "Ni marufuku vifaa vya binafsi kulala ofisini."

Nani asijue linamlenga nani? Jioni wifi akachomoa waya, akafunga skrini shukani, akaja nayo nyumbani. Asubuhi akarudi nayo. Meneja akamkuta ameinama chini ya meza, anachomeka.

"Mama, tangazo hukulisoma?"

"Nimelisoma, baba, tena bila miwani. Limesema kifaa kisilale. Hiki hakilali hapa. Kitashinda tu."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, hata wakili mkubwa kule ndani alisikika akikohoa kicheko chake. Mapokezi wifi hajapelekwa mpaka leo, kwa kuwa kosa la kumshikia halipo. Lakini mikono yake, jamani, jioni naikanda kwa maji moto.

Juzi meneja akaja na maneno ya asali: aitoe skrini iwe mali ya ofisi, ilale palepale, yeye apumzike kubeba. Wifi akakataa katakata. "Ikishakuwa ya ofisi," aliniambia, "yenyewe itapanda ghorofani kwa meneja, na mimi nitashuka mapokezi. Nilizaliwa jana?"

Leo asubuhi mvua imemwagika, njia yote utelezi. Nikamsihi, "Wifi, utaanguka. Kubali tu yaishe."

Alizungushia shuka mfuko wa nailoni, akaikumbatia skrini kifuani, akasimama mlangoni.

"Wifi," akasema, "nishikie mwavuli mpaka geti la ofisi. Ufunike skrini, mimi niache nilowe."