Fundi na Mpira wa Petroli

Fundi huyu wa Kibiti husema na kabureta kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mgonjwa anywe uji. Vidole vyake hunuka petroli hata baada ya udhu. Mwezi wa Ramadhani mpira wa mafuta huupuliza tu, haunyonyi. Leo gari kuukuu la Bwanaheri, lile lisilo na paa, limegoma kuwaka. Mafuta hayafiki kwenye injini. Fundi akapuliza mpira, wapi! Akanyonya. Funda likamteremka kooni. Akatema mate, akautazama mpira kitambo. Akanyonya tena, likamteremka jingine, na mafuta yakaja yamebeba kutu. Gari likawaka.

"Umesahau tu, fundi," Bwanaheri akamfariji. "Funga yako ipo palepale."

Fundi akajifuta midomo. "Funda la kwanza," akasema, "ndilo nililosahau."