Siku ya Kumlilia Mdogo Wangu

Nilivua viatu mlangoni mwa sinagogi. Mzee aliyenipokea, mwenye kofia ndogo nyeusi utosini, akanitazama miguu, akaniambia kwa Kiingereza cha upole kwamba hapa hawavui. Nikavivaa tena kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Wiki nzima Johannesburg nilikuwa nikimkasirikia kila mtu: polisi, manesi, wahudumu wa vyumba vya maiti.

Sikuja kutalii. Sinagogi lile, lenye makumbusho madogo ya Wayahudi ubavuni, ndiko mdogo wangu alikokuwa mlinzi. Jumanne moja mwaka jana alitoka chumbani kwake mtaa wa Bellevue kwenda kazini, asifike. Jirani yake, mama wa Kikongo anayeshona nguo, alinieleza huku machozi yakidondokea kitambaa cha mteja.

"Tulimutafuta fasi yote, dada. Eish. Hakuna."

Nyumbani Tanga, mama yetu alikataa katakata. "Nitamsomeaje hitima mtu nisiyejua siku aliyokufa? Nitakuwa namuua mimi." Basi akawa analala na simu kifuani, na mke wa mdogo wangu akawa si mke si mjane, eda hakukaa. Nilitumwa nilete kitu kimoja tu: kama yuko hai, au kama amekufa, amekufa lini. Mkono mtupu haulambwi, na wangu ulikuwa mtupu. Ndege yangu ya kurudi ilikuwa jioni ya siku hiyo niliyofika sinagogini.

Mzee naye hakuwa na habari. Kwa kuwa hakuwa na la kunipa, akanitembeza. Akanionyesha picha za familia zilizoshuka melini na masanduku yao, vinara vya fedha, cherehani moja kuukuu. Nilikuwa naitikia tu. Kisha tukaingia ukumbi wa sala, na ukutani palikuwa na ubao mkubwa wa shaba wenye majina ya marehemu, kila jina na taa yake ndogo pembeni. Siku ya kumbukumbu ya mtu ikifika, taa yake huwashwa.

"Ndugu yako ndiye aliyekuwa akipanda ngazi kubadilisha balbu," mzee alisema. "Kila mara aliniuliza, huyu alikuwa nani?"

Hapo nililia, mbele ya mtu nisiyemjua. Wale wote walikuwa na siku yao. Aliyekuwa akiwawashia hana.

Nikamuuliza: na yule ambaye siku yake haijulikani? Akasema dada za mama yake waliuawa Ulaya wakati wa vita, na hakuna aliyejua lini.

"Mama alichagua siku," alisema. "Alichoka kuwalilia kila siku."

Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za nje, nikampigia mama. Wallahi nilikusudia kumwambia ukweli, kwamba sikupata kitu, tuchague siku pamoja. Lakini alipokea kabla simu haijaita mara ya pili, na ile "haloo" yake ikanivunja.

"Amefariki, mama. Ijumaa ya wiki ileile."

Alitoweka Jumanne. Lakini kwetu Ijumaa ni siku njema ya kufa, na sikuwa na zawadi nyingine ya kumpelekea. Mama alisema kweli, ila muuaji nikawa mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mama akasema alhamdulillahi. Nikamsikia akimwita mkwewe aje. Halafu akarudi kwenye simu.

"Nani alimwosha?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mzee alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni na glasi ya maji, haelewi neno hata moja.

"Mzee mmoja, mama. Mzee wa hapa."

"Mshukuru," mama akasema, sasa analia. "Mwambie Mungu atamlipa."

Nikamgeukia mzee, nikamshukuru. Akadhani ni kwa ajili ya maji.