Mstari Alioulaza Nukta

Pale kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Nukta, kwa sababu ya kitaa chake cha mkononi kilichotupa nukta nyekundu ukutani, ikirukaruka juu ya picha na maneno huku watu wakiifuata kwa macho kama kuku wanaofuata punje. Alikuwa ofisa wa mafunzo na taarifa katika kiwanda cha kusaga unga, mtu wa miaka arobaini na miwili, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa hata siku ambazo ua mzima wa kiwanda ulikuwa mweupe kwa unga.

Kipaji alikirithi. Baba yake alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe, fundi wa kumsimamisha ng'ombe mwenye mguu mbovu kwenye majani marefu, kisha akamsifia pembe. "Sijasema uongo," mzee alikuwa akimwambia nyumbani. "Nimesema pembe ni nzuri. Kwani si nzuri?" Mwana alicheka, akakua na neno hilo.

Alipoingia kazini alijitungia kanuni. Slaidi moja, wazo moja. Namba moja, si tano. Usisome maandishi, watazame watu usoni. Anza na jema, baya liweke katikati, maliza na tumaini. Nyingi zilikuwa kanuni njema, na yeyote aliyewahi kusinzia kwenye kikao cha saa tatu anajua thamani yake. Wakuu wa idara walimletea ripoti zao zikiwa mbichi, naye akazipika. Kiwanda kizima kikazoea: jambo likitaka kufika juu, lipitie kwa Nukta.

Ndivyo Mama Grisi alivyofika mlangoni kwake Jumatatu moja asubuhi, ameshika faili lenye alama za vidole vyeusi. Alikuwa fundi wa mitambo wa ghorofa ya tatu, mwanamke mnene wa maneno machache, aliyezijua mashine zile kabla Nukta hajaota ndevu.

"Karibu kiti, Mama."

"Sikai, nitakuchafulia. Nina jambo la bodi. Ule mkanda wa ndoo unaopandisha nafaka, beringi yake ya juu inachemka. Wiki tano zilizopita ilikuwa nyuzi joto hamsini na nane. Leo tisini na moja. Haitakiwi kuvuka sabini."

"Si uitie grisi? Jina lenyewe unalo."

"Naitia kila zamu, inainywa kama mlevi." Hakutabasamu. "Na kule juu vumbi la unga limelala kwenye mihimili, unene wa kidole. Vumbi lile likitimka hewani likakutana na cheche moja, tusitafutane. Nataka mashine isimame siku nne. Tusafishe, tubadilishe beringi. Basi."

"Kwa nini usiwaambie mwenyewe kwenye kikao cha bodi Alhamisi?"

"Mimi? Mbele ya wale wenye tai? Mwaka juzi nilisimama nikatetemeka mpaka karatasi ikawa kama feni. Wewe una mdomo, mdogo wangu. Niazime."

Nukta akakubali, na alikubali kwa moyo mweupe. Tena alikuwa na damu ya mkewe pale juu: shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mke wake, alikuwa mmoja wa wafanyakazi saba wa zamu ya mchana ya ghorofa ya tatu. Siku ile ile akachora grafu. Mstari mwekundu ulipanda kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu kama mtu anayekwea ngazi akikimbizwa. Alipoutazama, yeye mwenyewe aliyeuchora, aliogopa.

Angeuacha hivyo, hadithi hii isingekuwa na haja ya kusimuliwa.

Jumatano mchana meneja mkuu alimwita ofisini, akamtengea chai.

"Nasikia kesho unakuja na mambo ya moto."

"Ni ripoti ya fundi, mkuu."

"Sikuzuii. Ila tuko katikati ya msimu, maombi ya wateja yamejaa mpaka mlangoni. Ukiwatisha wajumbe watapiga kelele, na kelele hazisagi unga. Wape hali halisi, lakini kwa utulivu. Wewe unajua namna." Akakoroga chai yake taratibu. "Ile nafasi ya mkuu wa idara, wengi wanaitaka. Mimi nakutazama wewe."

Meneja hakusema ficha. Wakubwa wa namna yake hawasemi ficha. Husema utulivu, na mwenye njaa ya cheo hujifasiria mwenyewe.

Nukta alirudi mezani kwake, akakaa mbele ya kompyuta. Hakufuta namba hata moja. Alichofanya ni kidogo mno: kile kipimo cha pembeni mwa grafu, kilichoanzia hamsini na kuishia mia, akakianzisha kwenye sifuri na kukipeleka hadi mia tano. Mstari ukalala. Nyuzi zilezile zilizopanda kama ngazi sasa zilijinyoosha chini ya ukurasa kama mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi. Akabadilisha rangi, nyekundu ikawa bluu. Zile siku nne za Mama Grisi akazipa mstari mmoja wa maandishi, katikati, baada ya picha ya buti mpya za wafanyakazi na kabla ya picha ya magunia yaliyopangwa hadi darini.

Alhamisi alizungumza dakika kumi na mbili. Aliwachekesha wajumbe mara tatu. Nukta nyekundu ilipita juu ya mstari wa bluu bila kutua. Alipomaliza walipiga makofi, na kwa sauti moja wakaamua usafi na matengenezo yafanywe msimu ukiisha, yaani baada ya wiki kumi na moja. Mama Grisi alikuwa amekaa nyuma kabisa, mikono mapajani. Alimngoja kwenye ukumbi mwembamba wa nje.

"Wamepiga makofi," alisema.

"Wametuelewa, Mama. Wameliweka kwenye mpango."

"Mtu akiambiwa nyumba yake inaungua hapigi makofi."

Akashika ngazi, akapanda kwake.

Jumatatu iliyofuata meneja alimtuma tena. Watu wa ghorofa ya tatu walikuwa wananung'unika juu ya harufu, na wengine walikuwa wanaomba kuhamishwa. Nukta akawakusanya katika chumba cha chakula kabla ya zamu yao, akafungua slaidi zilezile. Wale hawakuwa wajumbe wenye tai, walimjia juu.

"Nukta, harufu nayo umeipiga picha?" mmoja aliuliza.

"Harufu ni ya soksi zako," akajibu, na chumba kikapasuka kwa kicheko. Kutoka hapo walikuwa wake. Akawaonyesha mstari uliolala, akawaonyesha buti, akamaliza na tumaini. Makofi yakalia.

Walipotawanyika shemeji yake alimfuata meno yakimeta, kijana wa miaka ishirini na sita, ovaroli imemzidi mabega.

"Shemeji, mdomo wako ungeuza mchanga jangwani! Dada amenisumbua wiki nzima nihamie ghalani. Hata fomu ya kuhama nilishaijaza. Sasa hivi nimeichana."

"Umeichana?"

"Ya nini tena? Si umetuonyesha mwenyewe? Mstari umelala hivi." Akalaza kiganja hewani, akakipitisha polepole, kama mtu anayepapasa shuka. "Mwambie dada aache presha."

Akaenda zake akipiga mluzi. Nukta alibaki na kitaa chake mkononi. Maneno mengi alikuwa ameyauza maishani mwake, lakini hakuwa amewahi kumwona mnunuzi akiondoka nayo namna ile, akipanda ngazi kwenda mahali pale.

Haikupita nusu saa naye akapanda. Hakuwa amefika ghorofa ya tatu tangu mwaka ule uanze. Harufu ilimpokea kwenye ngazi, harufu ya mkate uliosahauliwa jikoni. Juu, mihimili yote ilikuwa imevaa unga, na kila mashine ilipotikisika vumbi jembamba lilishuka likaning'inia hewani bila haraka ya kutua. Mama Grisi alikuwa amesimama chini ya beringi na kipimajoto.

"Soma," alisema.

Nukta akasoma. Mia na nne.

"Izime, Mama. Izime sasa hivi."

"Kwa kidole gani? Mwezi huu nimekibonyeza kile kitufe cha dharura mara mbili. Mara ya pili wakanipa barua ya onyo, wakakivika sanduku na kufuli. Ufunguo anao bwana wako."

Akaikimbilia simu ya ukutani, akampata meneja mkuu.

"Mkuu, ghorofa ya tatu isimamishwe. Beringi imepita mia."

"Subiri kwanza. Alhamisi si wewe uliyetueleza? Tena vizuri sana."

"Nilikosea, mkuu."

"Ulikosea namba?"

"Namba ni sahihi."

"Sasa ulikosea nini?"

"Nili... ule mstari, mkuu. Niliulaza."

"Umelaza nini? Sikiliza, umechoka. Tengeneza slaidi nyingine, njoo nazo kesho saa nne." Simu ikakatwa.

Alirudi katikati ya sakafu. Wale saba walikuwa kila mmoja mahali pake, weupe hadi kope. Akapaza sauti juu ya ngurumo za mitambo.

"Shukeni! Wote, shukeni chini, tokeni nje!"

Wakamtazama. Mmoja akacheka. "Nukta, leo umekuja na mchezo gani?"

"Si mchezo. Nawaomba. Tokeni." Hakukuwa na jema la kuanzia wala tumaini la kumalizia, na bila hivyo viwili alikuwa msemaji mbovu kuliko wote mle ndani.

Mama Grisi akavua glavu. "Mmemsikia. Mimi nimewaimbia mwezi mzima. Mwenye macho anifuate." Akaelekea ngazini. Mmoja akamfuata, kisha wawili, kisha wawili tena, wakiharakisha kila walivyoshuka, hata buti zao zikasikika kama mawe yanayoporomoka. Walibaki wawili kwenye mdomo wa kupokelea nafaka: mzee mmoja aliyebakiza miaka miwili astaafu, na shemeji.

"Twende, shemeji," Nukta alisema, akamshika mkono wa ovaroli.

"Twende wapi? Tukiacha kazi bila amri tunafukuzwa. Na kule chini umetuambia nini?"

"Nilikudanganya."

"Hukunidanganya bwana, namba nimeziona kwa macho yangu."

"Namba ni za kweli, lakini mimi... jinsi nilivyo..."

"Unaona? Wewe mwenyewe huelewi unachosema." Kijana aliuondoa mkono ule taratibu, kwa heshima yote anayostahili mume wa dada. "Dada amekulilia, si ndiyo? Shuka shemeji, utachafua shati."

Nukta hakushuka. Angeshukaje, na kwa mkewe angeingilia mlango upi? Alijaribu tena. Alieleza kipimo cha pembeni, sifuri na mia tano, rangi nyekundu na rangi ya bluu, akajikwaa, akarudia, akachanganya. Kijana alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayemsikiliza mlevi anayempenda, huku mikono yake ikiendelea kusawazisha nafaka.

Juu yao beringi ikabadili sauti. Ule mkwaruzo wa siku zote ukawa mluzi mwembamba, mrefu, usiokatika. Vumbi lililokuwa likining'inia likaanza kutetemeka.

Shemeji akaiacha nafaka. Kwa mara ya kwanza siku ile aliinua kichwa, akatazama kule juu, kisha akamgeukia Nukta, amwambie ni nini hiyo.