Kompyuta Iliyosema Beringi Inaungua

Vita vilipotufikia, kituo chetu cha umeme kwenye mto Ruzizi, chini ya Bukavu, kilikuwa na kompyuta iliyozijua mashine zetu. Programu yake ilisikiliza mtetemo na joto la kila mashine, ikalinganisha na hali nzuri tuliyoifundisha miaka ya amani. Ikiona kasoro, ililia na kutaja mahali.

Asubuhi moja ililia: beringi ya mashine ya pili, ile inayobeba mhimili unaozunguka, inaungua. Mhandisi wetu, rafiki yangu, akaizima mashine palepale, kama tulivyozoea. Nusu ya mji ikakosa umeme. Askari waliokishika kituo wakaamini kwamba amewapa ishara maadui walioko milimani.

Walimwangusha kwa vitako vya bunduki. Nilisikia meno yake yakigonga saruji.

"Nani alikutuma uzime?" kamanda aliuliza.

"Ordinateri, komanda. Ilisema beringi iko inaungua."

Askari wakacheka. "Ile sanduku ndiyo shefu yako?" Mmoja akamkanyaga vidole, akavizungusha chini ya buti.

Nilisoma Korani Uvira kabla ya kusoma ufundi, na saa ile sikuwa na kinga nyingine ila kusema kweli. "Papa komanda, acha tufungue mashine. Kama beringi iko muzima, utuue wote wawili."

"Fungua. Ukichelewa, naanza na huyu."

Nikafungua bolti huku nikisoma dua. Kila spana ilipoteleza walimpiga teke, kana kwamba mimi ndiye niliyewaamuru. Mfuniko ulipotoka, tukapigwa na moshi wa mafuta. Madini laini ya ndani ya beringi yalikuwa yameyeyuka kama nta. Kamanda akatia kidole, akakichomoa upesi, akatukana kwa Kilingala.

Askari mmoja akasema, "Kitu inajua ugonjwa mbele ya mugonjwa kuusikia? Ile ni muchawi."

Kamanda hakubisha. Wakaigeuzia kompyuta bunduki, wakaimiminia risasi mpaka kioo kikatapakaa mezani. Hasira yao ikaishia hapo. Wakatuamuru tuondoke.

Nilimsukuma rafiki yangu kwenye toroli kuelekea dispensari. Akatema damu, akauliza, "Wameiharibu yote, papa?"

"Yote."

Akalia, akitaja miaka tuliyotumia kuifundisha kompyuta. Nikamwambia, "Alhamdulillahi, weye uko muzima." Akageuza uso. Akaendelea kuililia kompyuta yake mpaka tulipofika.