Mzee Lammie na Jibini ya Ubatizo

Huku kwetu Angus, Uskoti, kumwita mtu canny ni kumsifu, ila kwanza uliza umri wa anayesifu. Vijana wanamaanisha mtu mwangalifu, ambaye mkono wake hauachii kitu kirahisi. Kwa bibi yangu ni mwenye bahati, mtu wa kufanikiwa. Hata mkunga zamani aliitwa mwanamke canny. Na kisicho canny usikiguse, kina mambo yake.

Mzee Dod Lammie alikuwa canny kwa maana zote. Ng'ombe arobaini, koti moja. Ngazi za kanisa alizijaribu kwa fimbo kabla ya kukanyaga, na ni za mawe.

Ndiyo maana bibi alimpanga asimame kwenye kona, Jumapili ambayo dada yangu Jean alimpeleka mwanawe kubatizwa. Desturi yetu, mama hubeba mkate na jibini, akampa mtu wa kwanza kukutana naye njiani. Huyo akipokea na kugeuka kuwasindikiza, mtoto ana bahati. Akikataa, balaa. Jean alikwisha kuzika mtoto mmoja. Wiki nzima hakupata usingizi.

Tulipofika kwenye kona, Jean akamnyooshea kifurushi. Mzee akarudi nyuma hatua mbili.

"Sikuagiza kitu, mama."

"Ni cha bure, Mzee Lammie."

"Hicho ndicho ninachokiogopa."

Jean akamvuta mtoto kifuani. Bibi akawaka: "Dod, pokea! Ni mkate huo, si barua ya mahakama!"

"Na huko kusindikiza, mpaka wapi? Viatu hivi vina miaka tisa tu."

"Basi kataa," bibi akasema, sauti imepoa ghafla. "Ila mtoto huyu analala upande wa pili wa ukuta wa zizi lako. Nuksi ikichoka kukaa kwetu, itahamia wapi?"

Mzee akapokea haraka, akanusa, akala papo hapo, makombo akiyakinga kwa kofia. Kisha akageuka nasi. Desturi inataka hatua chache tu, lakini yeye alishika pindo la shali ya mtoto mpaka mlangoni mwa kanisa, akimfokea Jean: "Dimbwi hilo! Polepole! Mbebe kama mayai!"

Jean alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Mchungaji akauliza kama huyu ndiye babu wa mtoto.

"Bado," akajibu mzee. "Sijaona masharti."